Langoni Badala ya Asier

...na bado kidole kiko sikioni, mwamuzi, amekibonyeza kama mtu aliyeingiwa na maji akiogelea, mkono mwingine ameunyoosha kutuambia subirini, tunasubiri, tufanye nini, mpira umewekwa karibu na nukta lakini si juu yake, maana penalti bado si penalti, ni swali tu, na huko kwenye chumba cha video kuna watu wasionijua wanaurudisha nyuma na mbele mkono wa Otero, beki wangu, mpira uliufuata mkono au mkono uliufuata mpira... mimi niliona, nilikuwa pale pale, mkono uliufuata mpira, na Otero mwenyewe anajua, anavyoapa hivi ndivyo ninavyojua kwamba anajua, "Ni bega, Satur, naapa kwa wanangu, ni bega," nami namwambia, "Bega, ndiyo, bega, hebu tulia," kwa sababu kipa ndiye wa kuwatuliza wenzake, hata kipa kama mimi ambaye hajasimama langoni tangu msimu uanze, kipa wa benchi, babu, ndivyo wanavyoniita, babu lete mipira, babu umeamka, jezi ya manjano nimeivaa mwaka mzima chini ya koti na haijawahi kuhitaji sabuni. Sare inatutosha. Hilo ndilo linaloniuma, si ushindi, sare tu, tukitoka hivi hivi bila kufungana Valdehierro inabaki daraja la pili, tukifungwa tunashuka, na mji huu ukishushwa sijui watu watazungumza nini, kiwanda cha sukari kilishakufa, treni haisimami tena, timu ndiyo imebaki, na lango la timu leo, siku ya mwisho, siku kama hii, analilinda nani, mimi, na kwa nini mimi, kwa sababu ya Zamora. Hilo kombe la makipa. Wanachukua mabao uliyofungwa wanayagawanya kwa mechi ulizocheza, mwenye desimali ndogo kuliko wote ndiye kipa bora, basi, na mwaka huu desimali ndogo kuliko zote ni ya Asier Lekuona wetu, ukicheka hukosei, timu inayochungulia shimo ndiyo yenye kipa bora, lakini sisi ndivyo tulivyo, hatufungi na hatufungwi, sare, sare, sare, mwenye baa ya La Parra anaiandika desimali ya Asier ubaoni kila Jumatatu juu ya bei ya supu, tuna nini kingine cha kujivunia. Na desimali hailindwi kwa kudaka. Inalindwa kwa kukaa. Kipa yeyote nchi hii anajua, siku ya mwisho ukiwa juu ya orodha ghafla unaumwa, paja, kiuno, mafua, unavaa koti unakaa benchi, anaingia wa pili, na kila litakaloingia nyavuni linaandikwa kwa wa pili, hiyo ndiyo kazi niliyopewa leo, pipa, mimi ni pipa la mabao ya mwenzangu, na alipomwambia mwalimu siku ya Alhamisi kwamba paja linamvuta, chumba kizima tulitazamana, Otero alikohoa tu, na Ijumaa mji mzima ulikuwa unajua. Wanamzomea. Kila anaponyanyuka benchi jukwaa la kusini linaanza, "Lekuona, paja vipi? Lekuona, mkimbizi wa lango," wanaimba kabisa kwa sauti ya ule wimbo wa Krismasi, na mimi huku langoni nilifurahi, kwa nini niseme sikufurahi, nilifurahi, kipindi cha kwanza yule winga wao alipobaki na mimi ana kwa ana nilimvaa kwa hasira niliyokuwa nayo kwa Asier, si kwa ustadi, hasira tupu, mpira ukanigonga kifuani nikasikia uwanja wote unanguruma, nikamtazama yeye pale benchi, nikasema moyoni, umeona, ewe wa desimali. Sijui kama mama aliona. Yuko jukwaa la magharibi, kwenye kivuli, dada yangu Reme amemvalisha kofia na kumpa pakiti ya mbegu za alizeti ambazo najua hajatafuna hata moja, ameishika tu, hajawahi kuja uwanja huu, angekuja kufanya nini, kumtazama mwanawe amekaa, lakini macho yanaondoka sasa, daktari amesema katikati kutazibika kabisa, labda kufikia Krismasi, atabaki na pembeni tu, atakuwa anamwona jirani wa mtu anayemtazama, basi nilipomwambia kwa simu kwamba Jumapili nacheza aliniuliza atanionaje kati ya watu wote wale, nikamwambia, mama, utanitambua, mtafute wa manjano, akasema, "Na mwamuzi amevaaje, nisije nikampigia makofi yeye," nikacheka, halafu akasema, "Kwa hiyo wamekuchagua," nami nikasema ndiyo, mama, wamenichagua... Sasa mwamuzi anatembea. Haendi kwenye nukta, anaenda pembeni, anachora ule mraba hewani kwa vidole, ameitwa akatazame mwenyewe kwenye runinga, hiyo si dalili njema, akiitwa hivyo mara nyingi anarudi na penalti, Otero amejifunika uso kwa jezi, na Dacosta, mpigaji wao, ameshauchukua mpira ameukumbatia kama mkate wa nyumbani kwao, hana haraka.

"Kunywa, babu." Ni Asier. Amezunguka nyuma ya lango na chupa ya maji, koti limefungwa mpaka kidevuni kwenye joto hili la Juni, na jukwaa la kusini liko pale pale juu ya kichwa chake, mvua ya maganda ya alizeti inamwangukia mabegani, "Mkimbizi, umekuja kuaga?" nami namwambia, "Rudi kivulini kwako, usije ukazichafua desimali," hacheki, ananipa chupa, anasema kwa sauti ya chini, "Huyu Dacosta anasubiri kipa aanguke upande mmoja kwanza. Usianguke. Simama tu mpaka aupige," nasema, "Wewe ungesimama?" anasema, "Ningesimama," nasema, "Basi ungesimama, kaka, hapa, ni pako hapa, lakini umeshapata kombe lako, kaa nalo," maneno yamenitoka kama mfupa uliokaa kooni wiki nzima, na yeye anapangusa ganda shavuni, ananitazama kama anayetafuta kitu usoni mwangu, anasema, "Kombe lilishakwisha, Satur. Yule anayenifuata aliumia bega, leo hachezi, desimali yake imeganda. Leo ningefungwa hata manne ningebaki juu. Kwani hukupiga hesabu?" Hesabu... sikupiga. Mwenye La Parra na chaki yake hakupiga. Otero na kikohozi chake hakupiga, hakuna aliyegawanya, tulisikia Zamora, tukasikia siku ya mwisho, tukasikia paja, jibu tukawa nalo tayari, tangu tuko watoto jibu ni hilo hilo, nani ahangaike kugawanya. "Kwa hiyo paja?" namuuliza, na mwamuzi wa nne anapiga kelele kutoka mbali, anampungia Asier mkono, toka hapo, namba moja, rudi benchi, kelele za jukwaa zinameza nusu ya anachosema, "...kwa mchua misuli," anasema, "siku ile, nilikuwa kitanda cha pili. Ulikuwa unamweleza habari ya macho ya mama yako. Nilijifanya nimelala," halafu, akiwa ameshaanza kurudi nyuma nyuma, "Usimwambie mtu. Na mama yako usimwambie kabisa," na anaondoka kwa mstari wa nje, polepole, wanamtemea, namwona anafuta shingo kwa kiganja na hageuki.

Nani alikuomba, Asier, nani alikuomba. Kwani nilimwomba mtu mimi, nililia? Nilimwambia yule mchua misuli kwa sababu alikuwa ananikanda mgongo na mtu ukikandwa mgongo maneno yanatoka yenyewe, sikuwa naomba, na sasa nina mechi ya kupewa, kama jirani anavyokuletea bakuli la chakula akijua kwako hakujapikwa, na mama kule juu anamwambia aliyekaa kando yake, nina hakika anamwambia, yule wa manjano ni wangu, wamemchagua, hata Reme ameshachoka kumsikia... kijana amekubali kuitwa mkimbizi na mji mzima, na hao hawasahau, huyu mwalimu wetu Belda alikosa penalti hapa kabla mimi sijaota ndevu na mpaka leo akinunua samaki wanamkumbusha, Asier ana miaka mingapi, ni mtoto tu, atakwenda timu kubwa na kombe lake na popote atakapokwenda watasema ndiye yule aliyejificha siku Valdehierro ilipokuwa inashuka, kwa sababu tutashuka, hilo sikuwaza vizuri, hili likiingia watasema angesimama yeye angelidaka, na ni kweli, Mungu wangu, ni kweli, angelidaka, ameokoa penalti tatu msimu huu na mimi nilimpigia makofi nikiwa na koti. Abadilishwe nani, mwalimu amemaliza mabadiliko yote, siwezi kuumwa, siwezi kumwita, siwezi kuligeukia jukwaa niwaambie nyamazeni nyie wajinga, gawanyeni kwanza, nani atanisikia, na kama wakinisikia mama naye atasikia. Simama tu, ameniambia, usianguke, kumbe hata la kufanya hakuna, na mimi sasa sina kitu ndani, kipindi cha kwanza nilikuwa na hasira, nilikuwa nimejaa, mwaka mzima hasira ndiyo iliyoniamsha asubuhi kwenda mazoezini kwenye baridi ile kudaka mipira ya mtu mwingine, naitafuta sasa naigusa huku na huku haipo, amenipokonya, mtoto yule, amenipa maji akanipokonya... Otero anauliza, "Amesemaje?" nasema, "Amesema nisimame," anasema, "Rahisi kwake," na mimi nakaza glavu, yaani hata hapa simtetei. Mwamuzi bado kwenye runinga, ameinama, namwona mgongo tu, wanamrudishia tena, mkono wa Otero unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, Dacosta anaubusu mpira, jua liko usoni mwangu na sioni jukwaa la magharibi hata nikifinya macho, ni kofia tupu, na Asier amefika benchi, amekaa, koti mpaka kidevuni, amenitazama mara moja akainamisha kichwa... si angeniacha tu, angeniacha nimchukie, dakika hizi chache tu, mpaka mpira upigwe.