Goti Lililopona

Kikundi chao cha maombi kilikuwa na utaratibu wake: mgonjwa hafuati sala, sala humfuata mgonjwa. Kila jioni wanawake watano sita hukaa chumbani kwake, wakamwekea mikono, na baada ya amina wakabaki kunywa chai na kupiga soga. Akipona, hutoa ushuhuda mbele ya wote, na kesho yake miguu yote hugeukia kwa mgonjwa mwingine.

Mpiga pasi wa duka la kufulia nguo alikuwa mjane asiye na mtoto. Goti lake lilipovimba, chumba chake kilijaa watu. Uvimbe uliisha, lakini ushuhuda hakutoa. Akaendelea kupiga pasi akiwa ameketi, na jioni akaendelea kunyoosha mguu juu ya mto.

Siku hiyo walikuwa katikati ya sala mlango uliposukumwa bila hodi. Aliingia wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mfuaji wa duka lilelile.

"Ondoeni mikono hiyo, mama zangu. Mtaichosha bure."

"Wifi, tunasali," alisema mpiga pasi.

"Mnaliombea goti lipi? Hilo lililopanda ngazi za paa leo mchana, likiruka mbili mbili kama mbuzi?"

Mmoja alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

Kiongozi wa kikundi, mshonaji mwenye sauti nzito, alifumbua macho. "Ni kweli?"

"Mvua ilikuwa inakuja. Mashuka ya watu yangelowa kule juu kwenye kamba."

"Sijauliza habari za mvua. Goti limepona lini?"

"Mungu aliliponya mwezi uliopita."

"Na ushuhuda uko wapi?"

"Ningeutoa, mngerudi hapa?"

Wakatazamana.

"Umemwibia Mungu utukufu wake," kiongozi alisema, akakifunga kitabu cha nyimbo. "Ng'ambo ya barabara kuna mtu anatapika damu, na sisi tumekaa hapa tunakukanda mguu mzima. Usituite tena mpaka utubu mbele ya wote."

Wakatafuta viatu vyao mlangoni. Mmoja alimalizia chai yake akiwa amesimama, akaweka kikombe chini bila kumtazama mwenyeji.

Wifi alibaki.

"Umefurahi?" aliuliza mpiga pasi.

"Sana."

"Una roho mbaya wewe."

"Na yako je? Mungu umemfanya chambo, unavulia watu."

"Nilimwomba kweli! Kila jioni nilimwomba kweli. Watu wakiwepo, namsikia karibu. Wakiondoka, naongea na ukuta."

"Humsikii Mungu wewe. Unasikia vikombe."

Mpiga pasi aliuondoa mguu juu ya mto, akausukuma mto ukaanguka sakafuni. "Ulishindwa nini kuniambia kazini, tukiwa wawili? Mpaka uje kunivua nguo mbele ya watu?"

"Kwa sababu nimechoka! Mimi ndiye ninayebeba viti kupeleka kwa wagonjwa. Mimi ndiye ninayeosha vyombo wakishashiba. Nani amewahi kubisha hodi kwangu? Mtu mzima wa afya haombewi, hatembelewi, haulizwi hata amelalaje. Na wewe, tangu tumzike kaka yangu, umewahi kukanyaga kwangu?"

"Siku ya msiba ulisema mimi ndiye niliyemuua. Kwamba nilimchelewesha hospitali."

"Nilisema. Na bado nasema."

"Basi nije kwako kufuata nini?"

Wifi alishika komeo la mlango, lakini hakulivuta. Nje, sauti za wenzao zilikuwa zinavuka barabara, tayari zimeanza wimbo.

"Kaa," alisema mpiga pasi. "Kama ni kunitukana, nitukane umekaa."

Wifi alivuta kiti, akakigeuza kielekee mlangoni, akaketi akiwa amempa mgongo nusu. Mpiga pasi akamimina chai, akaisukuma kwa kidole mpaka ukingoni mwa meza.

"Chai yako nyepesi," alisema wifi.

"Hujaionja hata."

"Naijua. Kaka yangu aliilalamikia mpaka anaingia kaburini."