Jirani wa Saumu

Miaka yote ya vita vya Wareno ng'ambo ya mto Ruvuma, Saumu hakuwahi kukimbia. Bunduki zikilia na wenzake wakiwabeba watoto kwenda kujificha porini, yeye aliendelea kumenya mihogo mbele ya nyumba yake. Mumewe, Shaibu, aliwaambia watu kwa fahari kwamba ameoa mwanamke asiye na woga.

Nyumba yao ilikuwa peke yake katikati ya mikorosho, mwendo wa saa nzima kutoka kijiji cha Kitaya. Saumu alikuwa na kigugumizi, lakini kule shambani, akizungumza na mumewe na binti yao Mwaisha, maneno yalimtoka vizuri tu. Harusini hakwenda, na kisimani alikwenda jua likiwa utosini, wanawake wengine wakiwa wameshaondoka. Shaibu alidhani ni upole.

Mwaka 1974 ikaja amri ya kuhamia vijijini. Shaibu alibomoa nyumba, akabeba miti yake, akajenga upya Kitaya kwenye kiwanja alichopimiwa. Siku ya tatu jirani, mke wa balozi wa nyumba kumi, alikuja na sahani ya wali kuwakaribisha. Aliitwa Mwajuma. Alimtazama Saumu, akapiga makofi kwa furaha, akasema walisoma pamoja chuo cha Kurani kule Mikindani, miaka ile ya uhuru. Akamkumbatia huku akicheka. Saumu aliipokea sahani kwa mikono miwili. Mwajuma alipoondoka, aliumwaga ule wali nyuma ya nyumba na kuufukia kwa jembe.

Kuanzia hapo mambo yaliharibika kidogo kidogo. Saumu alisema watu wanamcheka nyuma ya ukuta. Shaibu alitega sikio, akasikia mtwangio wa jirani tu. Saumu akaziba kwa udongo kila upenyo, mwishowe na dirisha. Chakula kikamshinda, nguo zikaanza kumpwaya. Mganga aliitwa, akafukiza ubani, akaondoka na kuku wawili, na hali ikabaki vilevile.

Kilichomtisha Shaibu zaidi ni mtoto. Mwaisha alikuwa na miaka saba na Januari angeanza shule. Kila asubuhi mama yake alimkalisha ndani, mlango umefungwa, akamtamkisha maneno. Akikosea moja, walianza upya. Hakumpiga wala kumgombeza. Alimshika kidevu tu, akiutazama mdomo wake. Ilipofika Desemba Mwaisha aliacha kusema kabisa. Akitaka maji, alinyoosha kidole.

"Mama Mwaisha," Shaibu alisema, "unamfanya nini mwanangu?"

"Na-namkinga."

Ndipo akamsimulia, kwa shida, mchana kutwa. Kwa miaka mitatu wasichana wa chuoni walimfuata hadi nyumbani wakiiga kigugumizi chake, Mwajuma akiwa mbele. Siku moja walimshika wakamjaza mchanga mdomoni, wakisema maneno yake yanateleza, yanahitaji pa kukanyaga. Mama yake alimwambia ni michezo ya watoto, itapita. Haikupita. Hadi leo akiona wanawake wawili wakinong'ona, huuhisi ule mchanga kwenye meno.

Shaibu alikwenda kwa Mwajuma. Ilionekana wazi kwamba mwanamke yule anajitahidi kukumbuka.

"Baba Mwaisha, sikatai," alisema. "Ila sikumbuki. Tulikuwa watoto."

Hata hivyo alilia, na jioni ile akaja kuomba radhi. Saumu alimfungulia, akampa mkono, akamwambia amemsamehe. Aliyasema yote bila kukwama hata mara moja. Mwajuma aliondoka amefarijika. Shaibu alimtazama mkewe akifunga mlango.

Kesho yake alirudi kutoka shambani akakuta nyumba tupu. Alifuata nyayo hadi mtoni. Saumu alikuwa amesimama majini, maji yamemfika kifuani, Mwaisha yuko mgongoni amefungwa kwa kanga. Mkondo ulikuwa na nguvu, na mto ule una mamba. Mtoto hakulia. Shaibu aliingia taratibu akimwita mkewe kwa sauti ya chini.

"Ng'ambo hawatujui," Saumu alisema bila kugeuka. "Hakuna anayetujua."

Alipomfikia alimshika kiuno, naye hakushindana. Akamwongoza hatua kwa hatua hadi ukingoni.

Wiki ile Shaibu alimpeleka hospitali, Mtwara mjini. Daktari aliyewapokea aliuliza ugonjwa umeanza lini. Shaibu akataja mwezi waliohamia kijijini. Saumu alitikisa kichwa, kisha akaunyoosha mkono wake, kiganja kikielekea chini, kwenye kimo cha mtoto. Wakamlaza. Hawakusema ni kwa muda gani.

Siku zote hizo Mwaisha aliachwa kwa Mwajuma. Shaibu aliporudi alimkuta ameogeshwa, amesukwa, sare ya shule imeshonwa tayari. Mwajuma alisema asijali, atampeleka shuleni mwenyewe kila asubuhi, pamoja na binti zake. Alisema kwa moyo mweupe. Shaibu alitafuta sababu ya kukataa, na hakuwa na mtu mwingine.

Jumatatu alisimama mlangoni akawatazama wakienda, wasichana wakiongea wote kwa pamoja, Mwaisha katikati yao ameufumba mdomo. Baadaye upepo ulileta sauti za darasa zikimwitikia mwalimu. Shaibu alisikiliza mpaka zikanyamaza. Hakuweza kujua kama ya mwanawe ilikuwemo.