Mvushaji wa Kulesa

Ko. Ko-ko. Ko.

Lydia aliisikia sauti hiyo kabla mtumbwi haujatokeza kwenye ukungu, na kovu la mkono wake likaanza kuwasha. Kila mvushaji wa mto Tana ana namna yake ya kugonga kasia ubavuni mwa chombo kuwaita abiria. Huyu hakuhitaji kumwona. Ni Jilo, aliyekuwa mumewe, aliyempiga panga alipokataa kumrudia.

Jilo alikuwa amekaa jela, kisha sehemu iliyobaki akapewa kifungo cha nje. Hakimu alitoa masharti: asimamiwe na afisa wa probesheni, na asimkaribie Lydia. Masharti yalikuwa mazuri, ila mto haukuyasikia. Mafuriko yalikata barabara na kuchukua mitumbwi, ukabaki mmoja, wa serikali. Afisa akakwama Garsen, ng'ambo ya mto, akamwachia naibu wa chifu kazi ya kusimamia. Naye naibu alipoona mtumbwi usio na mpiga kasia na mfungwa mwenye kifua kama mlango, akafurahi. Mikono ya bure!

Lydia alikuwa amemwendea kulalamika. Naibu alicheka.

"Mama Joy, Jilo hajakukaribia hata siku moja. Ni wewe unayeingia mtumbwini mwake."

Sasa, pale ukingoni Kulesa, alipiga simu kwa Hanan, yule afisa.

"Naibu ameniambia anafanya kazi vizuri," Hanan alisema.

"Kazi gani, madam?"

"Ya kuvusha watu."

"Na mimi si mtu?"

"Kifungo chake kinaisha kesho. Bila taarifa yako siwezi kumrudisha kwa hakimu. Njoo leo, dada. Uiandike hapa ofisini."

"Nitapita wapi?"

Simu ilikuwa imekatika.

"Ingia, Mama Joy!" Kahaso aliita. Mama huyo wa Kiorma, muuza maziwa, alikuwa tayari ameketi na vibuyu vyake. "Au unangoja serikali ikujengee daraja?"

Watu wakacheka. Lydia aliingia. Alikaa mbele kabisa, akampa Jilo mgongo, na mgongo ukamsumbua njia nzima kama wa mtu aliyevaa nguo yenye siafu.

Katikati ya mto kasia likanyamaza. Mtumbwi ukaanza kuzunguka taratibu, maji mekundu yakiulamba.

"Waenda mbali, Mama Joy?" Jilo aliuliza kwa upole.

Lydia alizidi kuutazama ukingo wa pili.

"Jibu salamu za watu, wewe," Kahaso alimchokoza. Kisha akajibu kwa niaba yake, kwa moyo mweupe: "Anakwenda kwa yule madam wa probesheni. Nimemsikia kwenye simu."

Lydia alifumba macho. Alisikia maji tu, kisha pumzi za Jilo.

"Vyema," Jilo alisema. "Amsalimie. Amwambie kazi yake naifanya."

Kasia likarudi majini.

Upande wa pili, Jilo aliruka wa kwanza, akamnyoshea mkono. Lydia aliukwepa, akaruka peke yake, akazama topeni hadi magotini. Abiria wakaguna.

"Kiburi hicho!" Kahaso alisema. "Mwanamume ametengenezwa na jela akatengenezeka, na wewe bado una kinyongo. Haya, Jilo, na jioni je? Tusije tukalala ng'ambo na mbu."

Lydia alikuwa ameshaupanda ukingo. Kutoka hapo aliiona barabara ya Garsen mbele yake. Nyuma, ng'ambo ya maji, paa la nyumba ambamo mwanawe Joy alikuwa amelala kwa bibi yake. Kati ya viwili hivyo kulikuwa na mtumbwi mmoja.

Jilo aligonga kasia. Ko. Ko-ko. Ko. Hakumtazama Kahaso.

"Mama Joy!" aliita, watu wote wakisikia. "Wengine wote nitawavusha, kisha nirudi nikungoje wewe. Hata usiku uingie. Nakuahidi mbele ya watu hawa: safari ya mwisho sitaondoka hapa bila wewe."