Moto wa Msiba wa Wakili Marselino

"Moto wa msiba hauzimwi na mjane!" Alfonsi alifoka, akasukuma gogo jingine motoni kwa mguu. "Unazimwa na ukoo, shemeji. Na ukoo haujakaa."

"Haujakaa?" Kalista alisimama mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi. "Wiki ya tatu hii mmekaa uani kwangu. Mkizidi hapo mtaota mizizi."

Wanaume waliouzunguka moto wakacheka, kisha wakakumbuka kuwa wako msibani, wakainamisha vichwa.

Mume wa Kalista, wakili Marselino, alikuwa amezikwa vizuri. Padri alisema marehemu alikuwa mtu wa familia, na vilio vikapanda, hasa vya familia yenyewe. Nani asingelia? Nyumba yake pale Sumbawanga ilikuwa gesti isiyolipiwa. Binamu wa Milepa alikuja kung'olewa jino, akakaa mpaka akaoa. Watoto wa kuwazaa mwenyewe, Scola na mdogo wake, walilala jikoni pamoja na kuku, kwa kuwa baba yao aliipenda mno familia.

Uwakili wake nao ulikuwa hivyo hivyo. Tangu biashara iruhusiwe kwa kila mtu, mji ulijaa mashine za kusaga, malori na ugomvi, na mawakili wengine wakanenepa. Marselino hakunenepa. Wateja walimletea mbuzi na magunia ya ulezi. Ndugu walikula mbuzi na kunywa ulezi. Yeye alivaa suti ya mitumba iliyoshonewa Mzungu mnene, akaenda mahakamani kuomba kesi iahirishwe. Hakuwahi kushindwa kesi hata moja, maana hakuna iliyofika mwisho.

Hoja ya Alfonsi, kaka wa marehemu, ilikuwa nyepesi. Moto wa msiba ukiwa unawaka, matanga hayajaanuliwa, na mfiwa hamfukuzi mwombolezaji. Wa kuuzima ni baba yao mdogo, mzee wa Wampembe, ambaye tangu mazishi yaishe alikuwa njiani.

"Na akiugua huko njiani?" Kalista aliuliza.

"Tutamngoja apone."

"Kwa ugali wa nani?"

"Ndiyo nilitaka kusema," Alfonsi alijibu bila haya. "Unga unakwisha. Yale mahindi ya darini yapelekwe mashine."

Kalista alishusha mwiko. "Yale ni ya mbegu, Alfonsi. Mvua ndiyo hiyo inakuja, na siku hizi serikali haitupunguzii bei ya mbegu wala ya mbolea. Nisipopanda, wanangu watakula nini mwakani?"

"Mwakani Mungu yupo. Marselino asingesema hapana."

"Kweli, asingesema," alidakia Shigela, mfugaji wa Kisukuma aliyejiita mtani wa ukoo. Ng'ombe wake waliingia shamba la watu zamani, na Marselino ndiye aliyemtetea. "Wakili wangu alinipigania, mama Scola. Mpaka leo."

"Ukashinda?"

"Nishinde wapi! Jalada linazeeka, na mimi nazeeka. Ng'ombe wenyewe walishakufa. Lakini alikuwa mwema. Nikipita ofisini jioni namkuta kafunga mlango kwa ndani, kakaa tu. Namuuliza, wakili, kwako huendi? Ananiambia, 'Shigela, nikienda saa hizi sitapata pa kukaa. Ngoja kwanza walale.'"

Safari hii hakuna aliyecheka. Alfonsi alitazama magoti yake.

Miaka yote Kalista alidhani mumewe anacheleweshwa na majalada. Mara nyingine alidhani ni mwanamke, na alishajiandaa kumsamehe huyo mwanamke. Kumbe alikuwa anajificha! Wakili mzima, mwenye joho na kiapo, anawakimbia ndugu zake kama mwizi wa kuku, kwa kukosa neno moja, tena fupi. Alimwonea huruma, na hapo hapo akatamani angekuwa hai amzabe kibao. Hayo yote yalikuwa yamepitwa na wakati. Mbegu haikuwa imepitwa.

"Scola! Njoo ushike upande huu."

Binti akaja. Sufuria kubwa la msiba lilikuwa jikoni, maji ya ugali yanachemka. Walilibeba kwa matambara mpaka uani.

"Shemeji, unafanya nini? Ukoo haujakaa..."

"Sogeza miguu."

Wakamwaga. Moto ukatoa sauti kama nyoka aliyekanyagwa, mvuke ukapanda, majivu yakarukia suruali za waombolezaji. Kalista akatawanya magogo kwa mwiko.

"Matanga yameanuliwa," alisema. "Baba mdogo akifika atakunywa chai, atanipa pole, ataondoka. Mabasi yapo. Wa Milepa, wa Namanyere, kila mtu anajua kwao."

"Hata mimi mtani?" Shigela aliuliza.

"Hata wewe. Asante kwa kuja."

Shigela akachukua fimbo yake. Kalista akavuta stuli, akapanda, akafungua kamba ya kwanza ya turubai la waombolezaji, Alfonsi akiwa bado amekaa chini yake.