Picha ya Mpaka

Mwaka wa 1969 shemeji yangu Thuo alileta mpiga picha kutoka Ngara hadi shambani kwetu Kangemi. Wiki iliyofuata alimwonyesha chifu picha hiyo: nyumba yangu ilionekana imeegemea ua wake wa miti. Thuo alidai nimevuka mpaka wa shamba lake, akataka ibomolewe.

Nilikuwa nimechoka. Tangu nimzike mume wangu, hiyo ilikuwa mara ya nne kuitwa ofisini kwa chifu. Nilimwomba Mungu kimoyomoyo, kisha nikaitazama picha pole pole.

"Shemeji, huyu kuku aliye pichani ni wa nani?"

"Si ni wako, Mama Haron! Unatupotezea wakati."

"Mbona kichwa chake kimepita juu ya mlango wangu? Mlango huo naingia bila kuinama. Kwani nafuga mbuni?"

Chifu alicheka mpaka akavua kofia. Nikamweleza kwamba kuku alisimama karibu na kamera, nyumba iko kule nyuma, lakini karatasi haina umbali, inaweka vyote pamoja. Hata ua ni hivyo hivyo.

"Leteni kamba," chifu akasema. "Twende tukapime."

Thuo akasema jua ni kali, afadhali wiki ijayo. Mimi, miguu ikiniuma, nilijifunga kitambaa changu cha kichwa upya nikatangulia njiani.