Donge Lililopumzishwa Nje

Peninah hupumzika Ijumaa tu, na Ijumaa hiyo aliitoa yote kumfundisha mdogo wake kupika chapati kwa simu ya video, yeye akiwa chumbani kwake Al Sadd, jijini Doha, na mdogo wake kule chini kabisa ya dunia, kwenye barafu.

Mdogo wake ni Gerishon, fundi wa jenereta katika kituo cha utafiti Antaktika. Wako watu kumi na wanne, jua halichomozi, na ndege hakuna hadi Oktoba. Mwanzoni alikuwa akipiga simu akicheka: leo tenisi ya meza, kesho sinema, na kuna profesa mwenye ndevu anayewafundisha wenzake kufuma soksi. Lakini siku hizi alikuwa anakula chumbani peke yake. Ukimuuliza, eti amechoka. Peninah ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na kuchoka kwa Gerishon anakujua. Huku hakukuwa kuchoka, na kulimtia hofu. Kwa hiyo aliposikia kwamba kila Ijumaa mtu mmoja huwapikia wenzake chakula cha kwao, na kwamba Gerishon anataka kuomba zamu yake irukwe, alimwambia athubutu aone.

Wakaanza. Unga, chumvi, maji vuguvugu, mafuta. Jamani, mtu anafungua injini macho yamefumbwa, lakini mbele ya karai la unga anatetemeka! Hata hivyo alikanda hadi donge likalainika.

"Sasa litoe nje lipumzike," Peninah akamwambia.

Ndivyo afanyavyo yeye kila Ijumaa. AC ya chumba chake ni kali hadi unga hugoma, lakini kibarazani, kwa joto la Juni la Doha, dakika kumi zinatosha. Na Gerishon, ambaye tangu utoto dada akisema yeye hutenda, akavaa makoti mawili akatoka nalo.

Peninah alikuwa anakata sukuma wiki akili ilipomrudia. Nje ya wapi? Mungu wangu. Aliita, lakini simu ilikuwa imeachwa jikoni peke yake. Gerishon aliporudi, aliliweka donge mezani likalia ko! kama jiwe.

"Wacha tu, dada," akasema polepole. "Watakula vya mkebe. Mimi naenda kulala."

Sauti hiyo ilimuuma Peninah kuliko kosa lenyewe. Kabla hajajibu, profesa wa soksi akaingia, akaligonga donge kwa kijiko, akatoka mbio, akarudi na nyundo na wenzake sita. Ikabidi Gerishon aeleze: dada, Doha, kibaraza. Walicheka hadi wakashika meza, na Gerishon naye akaangua kile kicheko chake cha kukohoa, ambacho Peninah hakuwa amekisikia tangu Machi.

Donge likawekwa kando ya jiko hadi likalegea, kila mtu akapewa kipande asukume. Zilitoka chapati za pembe tano, na moja yenye mkia. Gerishon alizunguka akiwagombeza wageuze zisiungue, kwa maneno yale yale ya dada yake. Simu alikuwa ameiegemeza kwenye chupa ya mafuta, akaisahau kabisa.

Peninah alimwona akivuta kiti na kukaa katikati ya wenzake. Peninah hakukata simu. Alipakua chakula chake, akaisimamisha simu mbele ya sahani, akala pamoja nao.