Kizingiti cha Bulla Dheer

Mara tatu Qali alisimama mbele ya kamati ya vitambulisho mjini Garissa, na mara tatu akarudi nyumbani mtaa wa Iftin mikono mitupu. Kosa lenyewe si lake. Mwaka wa 1992, ukame ulipomaliza ng'ombe wao wote, mamake alimshika mkono, binti wa miaka kumi na miwili, wakaenda kambini kujiandikisha kama wakimbizi ili wapate unga. Qali akachovya kidole kwenye wino, alama yake ikabaki kwenye daftari la wakimbizi. Unga uliisha mwezi huohuo, lakini wino ule ulimganda maisha. Kila akiomba kitambulisho huambiwa yeye ni mgeni, arudi kwao.

Kwao wapi, jamani?

"Nilizaliwa Bulla Dheer," aliwaambia. "Nimesoma pale."

"Na shahidi wako yuko wapi?" akauliza Mzee Guleid, mwenyekiti.

"Yuko chini ya maji, mzee."

Kamati nzima ikaangua kicheko. Mzee Guleid alicheka hadi miwani ikamtoka.

Lakini Qali hakuwa akitania. Shule ya Bulla Dheer ilipojengwa, yeye akiwa na miaka sita, alikanyaga saruji mbichi ya kizingiti. Mwalimu alimchapa. Fundi naye, alipoona unyayo ule, alikataa kuufuta, maana mguu wa kushoto wa Qali una vidole sita. Akachukua msumari, akaandika kando yake: 1986. Miaka mingi baadaye likachimbwa bwawa, kijiji kikahamishwa, maji yakafunika kila kitu. Wazazi wakafa, majirani wakatawanyika. Ukabaki unyayo tu.

Sasa ukame mwingine ukaja, mbaya kuliko ule wa kwanza. Jumatano moja binamu yake Dagane, aliyekwenda kunywesha ngamia, akampigia simu akihema.

"Abaayo, dada yangu, shule yenu imetoka maji! Ile mlango yake mimi naona!"

Qali aliacha maziwa yake sokoni, akaenda moja kwa moja kwa Mzee Guleid.

"Mzee, twende ukaone. Nikikudanganya, lori la kambini nitapanda mwenyewe."

Mzee Guleid ni mkaidi, ila si dhalimu. Akakuna ndevu. "Jumamosi," akasema.

Jumamosi! Na mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya. Ijumaa mji mzima ulitoka uwanjani kuomba mvua. Qali aliinua mikono pamoja na wanawake wenzake. Midomo iliomba mvua, moyo ukasema: Ya Rabbi, iwe Jumapili. Aliona aibu, kwa sababu mbuzi wa watu walikuwa wanakufa. Lakini bintiye Nasteha alikuwa ameitwa chuo cha ualimu na hangeweza kupata kitambulisho mama yake akiwa hana. Aibu akaimeza.

Jumamosi gari la kamati liliwashusha kwenye tope lililopasuka. Kuta zilisimama bila paa, zimevaa ukoko wa matope. Kizingiti hakikuonekana. Qali alipiga magoti akaanza kuchimba kwa mikono, Dagane akachukua jembe upande wa pili. Radi ilinguruma. Mzee Guleid akatazama juu, akatazama saa.

"Mama, tutakwama hapa."

"Nipe dakika tano, mzee. Mmenipotezea miaka."

Mkono wake ukagusa saruji. Akaifuta kwa pindo la shuka. Kwanza ikatokea 1986. Kisha mguu mdogo, umetulia kama ulioingia jana. Qali akavua viatu, akaweka mguu wake wa kushoto kando yake.

Mzee Guleid aliinama, akahesabu vidole vya saruji. "Kow, laba, saddex, afar, shan..."

"Lix," Qali akamalizia. Sita.

Mzee akahesabu vya Qali. Sita. Karani wa kamati akapiga picha. Mzee akavua miwani, safari hii ili afute machozi.

"Tulikukosea, mama. Na mimi ndiye niliyecheka kuliko wote."

Akatandika fomu juu ya boneti ya gari. Tone la kwanza likaanguka kando ya kalamu. Qali akavua shela, akaikinga karatasi mpaka sahihi ilipokamilika na karani alipoifungia ndani ya gari.

Kisha akarudi peku hadi kizingitini, akasimama juu yake, akainua uso.

"Haya, mvua," akapaza sauti. "Sasa nyesha mpaka uchoke!"